Nataka kununua nyumba ya apatimenti 4 kwa mkopo, kodi itajilipa kweli?

Wakuu habarini, naomba mawazo kabla sijasaini. Kuna nyumba ina apatimenti nne, zote zina watu, mwenyewe anauza na anasema kodi inaingia kila mwezi bila usumbufu. Mimi nina asilimia 20 ya bei, inayobaki benki wako tayari kunikopesha kwa riba ya asilimia 9 miaka 20. Kodi ya mwaka mzima ni kama asilimia 12 ya bei. Mke wangu anasema tusubiri, mimi naona wapangaji ndio watalipa mkopo. Nisubiri au nivute?

kodi_tarehe1: Mkuu hiyo 12 sio yako yote. Chukulia bei ni 100. Kwenye 12 toa 1 ya miezi ambayo chumba kitakaa wazi, toa kama 4 ya matengenezo, bima, kodi ya jengo na msimamizi, unabaki na 7. Rejesho la mkopo wa 80 kwa riba hiyo ni kama 8.6 kwa mwaka, kwahiyo kila mwaka unaongezea 1.6 kutoka mfukoni, na hapo hakuna bomba lililopasuka wala mtu aliyegoma kulipa! Wakopeshaji wengi wanapenda mapato yakishatolewa gharama yawe angalau mara 1.25 ya rejesho, ya kwako ni kama 0.8. Benki wakikupa jua wanategemea mshahara wako, sio hiyo nyumba. Msikilize shemeji.

Mama Funguo: Na hayo maneno ya muuzaji yasikutoshe mdogo wangu. Omba mikataba yote na taarifa ya benki ya mwaka mzima uone hela inaingia lini na kiasi gani, kisha ongea na wapangaji mwenyewe. Dipoziti zao nani anazo? Wakihama watakudai wewe, kwahiyo zikabidhiwe au zikatwe kwenye bei. Angalia paa, mfumo wa maji taka, kama kila apatimenti ina mita yake. Tena nyumba ya wanne akihama mmoja robo ya kodi imeondoka, uwe na akiba ya rejesho la miezi kadhaa.

Mwenye uzi: Asanteni sana, hii hesabu sikuifanya hivi. Je nikihamia apatimenti moja?

kodi_tarehe1: Inasaidia kama kodi unayolipa sasa inazidi ya hiyo apatimenti, na baadhi ya wakopeshaji wanalegeza masharti kwa anayeishi humo. Ila dawa ni kushusha bei au kukopa kidogo. Ukikopa 50 tu, rejesho linakuwa kama 5.4, ile 7 inatosha na chenji inabaki. Uliza pia kama riba inabadilika, maana ikipanda huwezi kuwapandishia wapangaji siku hiyohiyo.

Mwenye uzi: Riba inabadilika, nimeangalia barua yao sasa hivi. Nasitisha kusaini, namwomba muuzaji zile taarifa za benki kwanza, na bei tutaongea upya.

Mama Funguo: Akikataa kuzitoa, tafuta nyumba nyingine.