Vizigeu katika mlinganyo wa kikemikali vinahesabu nini?

Swali
Habari za masomo, ndugu zangu. Katika mlinganyo 4Al + 3O₂ → 2Al₂O₃, nikijumlisha vizigeu (namba za mbele) vya upande wa kushoto ninapata 7, ilhali upande wa kulia ipo 2 pekee. Ikiwa maada haiumbwi wala haipotei katika mmenyuko, hizo 5 zimekwenda wapi? Pia naomba kueleweshwa kwa nini tunasawazisha kwa namba za mbele tu, bila kugusa zile ndogo za chini.

Jibu la kwanza
Hakuna kilichopotea, ndugu, kwa sababu vizigeu havihesabu gramu. Vinahesabu chembe za kila dutu, nazo chembe zikiungana idadi yake hupungua bila atomi hata moja kutoweka. Zihesabu atomi zenyewe: kushoto kuna alumini 4, pamoja na molekuli 3 za oksijeni zenye atomi mbilimbili, yaani 6; kulia, kila Al₂O₃ ina alumini 2 na oksijeni 3, na kwa kuwa zipo mbili, unarudi kwenye 4 na 6. Ukitaka kuhakikisha kwa mizani, vichukue vizigeu kuwa moli (kipimo cha idadi ya chembe), na tungamo za atomi kuwa 27 kwa alumini na 16 kwa oksijeni: gramu 108 na gramu 96 zinatoa gramu 204 za oksidi ya alumini. Gramu lazima zilingane; moli hazilazimiki.

Namba ndogo ndizo zinazoitambulisha dutu. Ukiongeza oksijeni moja kwenye H₂O ili hesabu ikae sawa, umeandika H₂O₂, yaani peroksidi ya haidrojeni, na huo ni mmenyuko mwingine kabisa.

Jibu la pili
Naongeza jambo ambalo, kwa maoni yangu, hupitwa haraka mno darasani: vizigeu ni uwiano. Hata 2Al + 1½O₂ → Al₂O₃ ni sahihi mradi unasoma kwa moli, kwani nusu ya molekuli ya oksijeni si oksijeni ileile tena, lakini nusu moli unaweza kuipima. Kwa gesi uwiano huo unafaa hata kwa ujazo: katika N₂ + 3H₂ → 2NH₃, lita 1 ya naitrojeni hutumia lita 3 za haidrojeni na kutoa lita 2 za amonia, iwapo halijoto na kanieneo ni zilezile.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Basi nikiweka gramu 54 za alumini na gramu 60 za oksijeni, nitapata oksidi gramu 114?

Jibu la kwanza
La. Mlinganyo unaeleza kiasi kinachotumika, si kiasi ulichoweka. Gramu 54 ni moli 2 za alumini, ambazo zinahitaji moli 1.5 za oksijeni, sawa na gramu 48. Alumini ikishakwisha mmenyuko unakoma, hivyo oksidi haitazidi gramu 102, na gramu 12 za oksijeni zitabaki kama zilivyokuwa.