Kama jina limeshapangwa, kura za maoni mnatuitia nini?

Wakuu, hili limenikaa kooni muda mrefu. Vyama vikuu vya Marekani vinawaita watu wajitolee, wachange, wapange foleni wapige kura za maoni, kumbe mgombea keshapatikana.

Sikilizeni sauti iliyovuja Aprili 2018. Levi Tillemann anagombea tiketi ya Democratic jimbo la 6 la Colorado. Steny Hoyer, wakati huo namba mbili wa chama katika Baraza la Wawakilishi, anakaa naye na kumtaka ajitoe ampishe Jason Crow, mwenzake anayewania tiketi hiyohiyo. Hajui kwamba anarekodiwa. Anasema bila kupepesa kuwa uamuzi ulishafanywa mapema mno, na yeye mwenyewe hakuwemo waliouamua. Hebu pateni picha: mtu anaombwa aache kugombea, na anayemwomba wala hakushirikishwa! Sasa mpiga kura wa Colorado ndiye angeshirikishwa?

Mwaka huohuo, jimbo la 7 la Texas, kamati ya kampeni za Bunge ya chama, DCCC, ilimchafua Laura Moser kwenye tovuti yake yenyewe. Mgombea wao! Wapinzani wala hawakuhitaji kuhangaika kumchimba. Akaingia duru ya pili, akashindwa na Lizzie Fletcher.

Najua mtaniambia Crow na Fletcher walishinda Novemba. Walishinda, sibishi. Lakini mwaka ule upepo ulikuwa wa Democratic nchi nzima, na wale wengine hawakuachwa wapimwe kwa haki. Huwezi kumfunga mtu miguu halafu useme hana mbio.

2019 DCCC ikazidisha: mshauri au kampuni yoyote itakayomfanyia kazi anayempinga mbunge aliyepo, haipati tena kazi kwao. Mgeni asiye na jina atachapiwa vipeperushi na nani? Nani atampimia maoni ya wapiga kura? Walikuja kuifuta 2021, baada ya uchaguzi mzima kupita.

Republican nao wasijifiche hapa. Kuelekea 2020, Carolina Kusini, Nevada na Kansas walifuta kabisa kura za maoni za urais, Trump asisumbuliwe.

Linaloniuma kuliko yote ni la mahakamani. Wachangiaji waliishtaki kamati kuu ya Democratic kwa kumbeba Clinton dhidi ya Sanders 2016, ilhali katiba ya chama inamtaka mwenyekiti asipendelee mgombea yeyote wa urais. 2017 wakili wa chama akamweleza jaji kwamba wangeweza kujifungia chumbani, wakavuta sigara zao na kumteua wamtakaye. Kesi ikatupwa.

Wale watu walikuwa wametoa hela zao. Kama viongozi wana mtu wao, wamtaje hadharani siku ya kwanza, na majina ya walioamua yawekwe mezani, kabla hamjampitishia mtu bakuli la michango.