Kamera ya kushusha majini kwa mvuvi wa malema: ninunue ipi?

Mshipi_Msambweni aliuliza:

Asalaam aleikum wakubwa. Mimi navua Msambweni, mshipi na malema (yale madema, mitego ya kusuka), boti ya faiba na mashine ya 15. Malema nayatega nje ya mwamba, kina cha mita 8 mpaka 20 hivi. Mshipi natupa ukingoni, kama mita 25.

Nataka kamera ya kushusha majini kwa mambo mawili. Kwanza nione lema limekaaje: liko juu ya mchanga, kwenye nyasi, au limeegemea jiwe. Lema likikaa vibaya tafi hawaingii, unapandisha maji matupu. Pili, nikifika mahali nisipopajua, nione chini pana nini kabla sijateremsha nanga na kupoteza asubuhi.

Mtandaoni nimeona zile za mkoba wenye kioo cha inchi 7, waya mita 15 au 30, taa zimezunguka lenzi. Rafiki yangu ananiambia niachane nazo nichukue kamera ndogo kama GoPro. Mfuko wangu hauzidi elfu 25 za Kenya, nikivuka hapo mama watoto atanishusha mimi badala ya kamera. Kuna aliyezitumia kwenye bahari yetu hii, si kwenye video za Wazungu?

Nahodha_K alijibu:

Kaka, kamera ni mchezo. Tafuta sona yenye GPS, hata ndogo. Inakupa kina, inakuonyesha kama chini ni kugumu au kulaini, na ukipata jiwe unaliweka alama unarudi kesho. Kamera ukiinua mkono tu umeshapoteza ulichokuwa unakiona.

Fundi_Chumbageni alijibu:

Waaleikum salaam, mwanangu. Mimi ni fundi wa simu na redio za boti hapa Tanga, na nikipata nafasi navua mshipi. Kamera hizi naletewa zikishakufa, kwa hiyo nitakueleza zinavyokufa, ya bei utayajua dukani.

Nahodha hajakosea, sona ni kifaa kizuri. Lakini sona haitakwambia mlango wa lema lako umetazama jiwe au umetazama mchanga, na wewe hilo ndilo ulilouliza.

Ukifika dukani acha habari za pikseli. Shika kichwa cha kamera, kigeuze, tazama pale waya unapoingia. Nikiifungua kamera iliyokufa, lenzi karibu kila mara ni nzima. Maji yamepita nyuma. Watu wanaipandisha kamera kwa waya wake wenyewe, kila siku waya unavutika, ile gundi inaachia kidogo kidogo. Mita 20 chini, shinikizo ni mara tatu ya lililoko juu, hapo hata ufa usioonekana kwa jicho unatosha. Chumvi ikishaingia inakula shaba taratibu. Picha inaanza michirizi, unadhani ni betri, wiki ijayo kioo cheusi unakuja kwangu.

Basi kamera isibebwe na waya hata siku moja. Chukua kamba ya nailoni ya milimita 4, ifunge kwenye mwili wa kamera. Kama haina tundu la kufungia, tengeneza kola kwa kipande cha bomba la PVC. Waya uufungie kwenye kamba kila baada ya mita moja, ukiwa umelegea kidogo, ili uzito wote uende kwenye kamba. Chini ya kamera ning'iniza chubwi la kilo moja na nusu kwa uzi wa nusu mita. Chubwi litagusa chini kwanza, mkono wako utajua, na kamera itabaki juu inaangalia. Uzi huo uwe dhaifu kuliko kamba. Chubwi likinasa kwenye matumbawe, vuta, likatike lenyewe, uende zako na kamera.

Waya wa mita 15 usiununue. Wengi wanasema "mimi navua mita 12, mita 15 zinanitosha." Hazitoshi. Mkondo ukiwa na nguvu kidogo waya unapinda, na boti inasogea. Ukiwa na mita 30 hesabu kwamba utafanya kazi mpaka mita 20, kwa bahati 22. Ukingo wako wa mita 25 unausamehe, au unausubiri siku maji yamesimama kabisa.

Na siku hizo unazijua wewe kuliko mimi. Wakati wa bamvua maji yetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yote yanapita kwenye milango ya mwamba. Ukishusha kamera hapo itapeperuka nyuma ya boti utazame maji ya buluu tu. Maji mafu, siku maji yanapopanda na kushuka kidogo, ndiyo siku za kamera, hasa ule muda maji yanapotulia kabla ya kugeuka. Kamera ikiwa na mkia wa plastiki usiutupe ukidhani ni pambo, ndio unaoizuia isizunguke.

Taa sasa. Duka litakusifia taa za infraredi, eti samaki hawazioni. Maji yanaimeza infraredi upesi mno. Zaidi ya mita moja mbele ya lenzi huoni kitu, na picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Mchana, maji safi, kina cha mita 15, hauhitaji taa yoyote. Zima. Taa nyeupe kwenye maji yenye vumbi inamulika lile vumbi lenyewe, unabaki na ukungu kama gari lililowasha taa kali kwenye umande.

Usishangae rangi. Wekundu unapotea mwanzo kabisa, ukipita mita 5 umebaki kidogo sana. Tewa mwekundu utamwona ni wa kahawia, tena mchafu. Na usimpigie hesabu ya kilo kwenye kioo: kioo bapa kikiwa majini kinafanya kitu kionekane karibu kwa robo na kikubwa kwa theluthi. Lenzi iliyoandikwa nyuzi 90, ikizama inakubakishia kama 64. Ndiyo maana unaweza kulipita lema kwa kando na usilione.

Mengine madogo. Kioo cha inchi 7 juani ni bure, leta kitambaa cheusi ujifunike kichwa nacho, wenzako wacheke. Ukifika nyumbani loweka kamera na waya kwenye ndoo ya maji matamu nusu saa. Kumwagia tu hakutoshi. Plagi za kuunganishia kioo na betri usiziguse na mkono wenye chumvi.

Mpls_Mswahili alijibu:

Naongezea kutoka Minnesota, ninakoishi. Kamera hizi za mkoba na kioo, nyingi zilibuniwa kwa ajili ya uvuvi wa hapa. Majira ya baridi maziwa yanaganda, watu wanatoboa barafu na kukaa kwenye vibanda juu yake. Kamera inashuka wima kwenye tundu, maji yametulia, hayana chumvi, boti haipo. Juu kuna theluji, chini giza, na samaki wanayemtaka hapa, walleye, anasogea karibu na chambo. Ndiyo maana ya zile taa za infraredi. Kampuni kama Aqua-Vu ni za huku huku.

Kwa hiyo ukisoma sifa za watu mtandaoni, angalia kama aliyeandika amekaa juu ya barafu. "Nimeitumia miaka mitano haijaharibika" ya mtu wa ziwani ni habari tofauti na ya mtu wa Msambweni. Na kuna nyingine zimeandikwa kabisa kwenye kijitabu kwamba maji ya chumvi yanavunja dhamana. Isome kabla hujalipa.

Kigoma_Ujiji alijibu:

Huku Tanganyika tumebarikiwa maji meupe, mchana kamera inaona mbali vizuri bila taa. Usiku kwenye taa za dagaa nilijaribu, ukishusha taa nyeupe dagaa wenyewe wanaiziba lenzi, huoni migebuka hata mmoja. Shemeji yangu alipeleka ya kwake Mwanza, kwenye maji yale ya kijani, akairudisha. Alikuwa anaona waya wake.

Mshipi_Msambweni alijibu:

Fundi, Mungu akuweke. Ila hujaniambia kuhusu hii ya GoPro. Na muuzaji mmoja Mombasa ananionyesha kamera isiyo na waya kabisa, anasema unaangalia kwenye simu kwa Wi-Fi. Hiyo si itaondoa shida yote ya waya?

Fundi_Chumbageni alijibu:

Mwambie muuzaji aitie kwenye ndoo ya maji mbele yako, ndoo ndefu, akushikie simu. Mawimbi ya Wi-Fi hayapiti majini. Ikizama nusu mita simu yako inaanza kuzungusha duara la kusubiri. Zipo zenye boya: boya linaelea juu na ndilo linalozungumza na simu, lakini kutoka boya mpaka kamera kuna waya. Umerudi pale pale, na waya wenyewe mara nyingi mwembamba zaidi.

GoPro na jamii yake ni kazi nyingine. Hazikuonyeshi palepale, zinarekodi, unatazama baadaye. GoPro HERO5 Black na nyingi zilizoifuata zinahimili mita 10 zikiwa uchi. Kwa malema yako ya mita 20 lazima kasha la kuzamia, na kasha la GoPro linafika 60. Kasha la bei ya chini litumie, lakini lijaribu kwanza likiwa tupu: weka karatasi ya chooni ndani, funga, lishushe na chubwi mpaka kina chako, liache robo saa. Karatasi ikitoka kavu, tia kamera. Ule mpira wa mlango uusafishe kila mara, unywele mmoja au chembe ya mchanga inatosha kukufilisi. Usiupake grisi kama kijitabu cha kasha hakijasema, wala vaselini, kuna mipira inayovimba. Na kasha ulifunge nyumbani kwenye hewa kavu, na kile kijipakiti cha kunyonya unyevu ndani. Ukilifunga ufukweni penye joto na umande, likigusa maji ya chini linafanya ukungu kwenye kioo, unarudi na saa nzima ya video nyeupe kama maziwa ya ng'ombe.

Sasa sikia maoni yangu, ni yangu tu. Kwa malema, kamera ya kurekodi inashinda. Ifunge kwenye lema lenyewe, au kwenye kijiti mita moja kutoka mlangoni, iwashe, shusha, nenda kavue mshipi, rudi. Betri inarekodi saa moja na ushei. Mimi nilichokiona kwa njia hiyo hakuna aliyekuwa amenieleza: tafi wanalizunguka lema, wanachungulia, wanaondoka, wanarudi, na nusu yao wanaula mwani wa chambo kwa nje kupitia matundu. Tangu siku hiyo chambo nakifunga katikati, mbali na kuta.

Kwa mahali papya unahitaji kuona palepale, hapo ni ya waya. Kwa elfu 25 hutapata zote mbili nzima. Kwa kuwa malema ndiyo mlo wako wa kila siku, anza na ya kurekodi, hata iliyotumika, pamoja na kasha zuri. Ya waya mtachanga watu watatu wanne wa bandari moja. Haihitajiki kila siku.

Katibu_BMU alijibu:

Fundi kamaliza ya kifaa, mimi nina la watu. Ukisimamisha boti karibu na boya la mwenzako na kushusha kitu kwa kamba, aliye mbali haoni kamera, anaona mtu anapandisha lema la mwenzake. Peleka kamera bandarini kwanza, waonyeshe wazee, kila mtu aangalie kwenye kioo. Na kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite, mle ndani hairuhusiwi kuvua kwa namna yoyote, kwa hiyo ukionekana na chubwi, kamba na mshipi kwenye boti hiyohiyo usitegemee maelezo ya "nilikuwa naangalia tu" kwa askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Jingine, ukikuta tewa wamejikusanya wengi mahali pamoja, wengi kuliko kawaida, huenda wamekuja kuzaa. Hapo pasahau mpaka watawanyike, na picha usiirushe kwenye kundi la WhatsApp.

Mshipi_Msambweni alijibu:

Nimekuelewa katibu, nitaipitisha bandarini. Fundi, swali la mwisho: mwenzangu ana HERO7 iliyotumika, mlango wa betri umelegea kidogo. Nikiiweka ndani ya kasha ina shida?

Fundi_Chumbageni alijibu:

Kasha likiwa zima, mlango huo haukuhusu, maji hayafiki kwake. Ila akupunguzie bei kwa sababu hiyo hiyo, na usikubali kuishusha bila kasha hata kwenye mita mbili. Kabla hujatoa pesa, iwashe irekodi dakika ishirini mfululizo uone kama haijizimi kwa joto, kisha toa kadi, irudishe, uone kama inaisoma. Kadi nunua mpya.