Wametukatia tamthilia bahasha ikiwa mkononi!

Wakuu, vidole vinatetemeka kwa hasira. Wale jamaa wa ile chaneli mnawajua, sina haja ya kuwataja. Wale waliotupigia tarumbeta mwezi mzima, "msimu mpya, msimu mpya", kila baada ya tangazo la sabuni.

Leo saa moja na nusu usiku msimu ndio umeanza. Mama kashasali magharibi, kavaa miwani, kakaa kwenye mkeka wake, jiko la maharage kalisogeza mlangoni asipitwe na neno. Wiki iliyopita tulimwacha bi harusi kashika bahasha ya marehemu baba yake, kidole kimeshaingia kwenye gundi. Miezi minane tunaisubiri hiyo bahasha!

Tunaona nini? Istanbul. Mashua, daraja, dada analia kwa Kituruki na Kiswahili kinamfuata nyuma kama punda aliyechoka. Chini ya kioo kamstari kanapita mbio: tamthilia mliyoizoea imefikia tamati. Tamati gani? Bahasha haijafunguliwa! Mama kanigeukia: "Mwanangu, kwani barua ilisemaje?" Nimjibu nini?

Halafu msimu wenyewe! Umbea asubuhi, umbea mchana, usiku marudio ya umbea wa asubuhi. Sisi tuliokua na michezo ya kuigiza ya kundi la Kaole, mtaa mzima tumejazana sebuleni kwa mwenye TV, leo waigizaji wetu wamekosa hata nusu saa?

Hayo yote ningesamehe. Lakini bahasha! Kidole kilikuwa kwenye gundi!

Mzee wa Antena: Dume zima na ndevu zako unalilia bahasha. Kamalizie maharage.

Bi Mkora: Mwacheni, mimi nimezima TV kwa hasira hadi mtoto kaanza kulia. Ila huyo Mturuki ni mzuri jamani, tuseme ukweli.

Kamanda wa Luku: Nyie mna bahati, kwetu umeme ulikatika saa moja na robo. Hata hiyo Istanbul sijaiona.

Mwenye uzi: Jamani, kuna anayejua barua iliandikwa nini? Mama hajalala.

Mpemba Mtulivu: Ndiyo shida ya Bara. TVZ, televisheni yetu ya Zanzibar, ilikuwa ya rangi tangu miaka ya 1970, nyie mmesubiri hadi 1994 ndipo mkaanza kuona televisheni zenu. Mtajulia wapi kupanga vipindi?

Mzee wa Antena: Haya, limeanza. Rangi mlikuwa nayo, umeme je?

Mpemba Mtulivu: Umeme usiutaje wewe.

Dada wa Gongo la Mboto: Adui ni king'amuzi. Desemba 2012 walipozima analojia hapa Dar tukaambiwa picha itakuwa safi. Imekuwa safi kweli, nyeusi tii kifurushi kikiisha.

Kamanda wa Luku: Umesahau 2018? Walipoziondoa chaneli za nyumbani kwenye ving'amuzi vya kulipia? Mimi nikanunua cha pili. Nina ving'amuzi viwili na rimoti nne, na baba mkwe akija anabonyeza zote.

Bi Mkora: Nauza kimoja cha dishi, kina miezi mitatu tu, rimoti imeliwa na panya kidogo pembeni.

Mzee wa Antena: Sh ngapi? Njoo inbox.