Naomba ushauri: kubadilisha kava ya "bawa la popo" kuwa "pua ya papa" kwenye Street Glide ya 2011

Mleta uzi
Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi Amarillo, Texas, na ninaendesha pikipiki ya Harley-Davidson Street Glide ya mwaka 2011, yenye ile kava ya mbele ya kukinga upepo iitwayo bawa la popo, iliyofungwa kwenye shokapu za mbele na kugeuka pamoja na usukani. Nikishika barabara kuu namba 40 kuelekea Albuquerque, safari ya takriban kilomita 460, upepo wa ubavuni huipiga kava, kava nayo huuvuta usukani, na kila nikipishana na lori mikono hukaza hadi mabega yakauma. Nimepata kava iliyotumika ya pikipiki nyingine ya Harley, Road Glide ya 2012, yaani pua ya papa, ambayo hukaa kwenye fremu na haigeuki. Je, niihamishie kwangu, au niiuze hii ninunue Road Glide nzima?

Fundi Mstaafu
Kazi hiyo inawezekana, kwa kuwa kuanzia 2009 pikipiki hizo mbili zinatumia fremu ya aina moja. Hakikisha tu kwamba vifaa vyote ni vya kati ya 2009 na 2013, kwa sababu Road Glide haikutolewa mwaka 2014, na iliporudi 2015 kava yake ilikuwa imesanifiwa upya. Usinunue kava ya nje peke yake ukadhani umemaliza: utahitaji kava ya ndani, kile chuma kinachoishikilia kwenye shingo ya fremu, taa zake mbili na kioo chake cha kukinga upepo. Muuzaji akikuambia vyuma utavipata kwingine, ujue hapo ndipo fedha itakapoishia.

Msafiri wa Nyanda
Mimi niliifanya kazi hii, na kilichonitesa ni waya. Kwenye bawa la popo, redio na mita hugeuka pamoja na usukani, kwa hiyo waya za swichi hazivutwi sana. Kwenye pua ya papa vitu hivyo vimesimama, na waya zinazotoka mkononi hupinda kila unapokata kona. Zangu nilizibana fupi mno. Baada ya miezi miwili, nikikata kushoto hadi mwisho kwenye maegesho, honi ililia yenyewe, na watu wote wakanigeukia. Nilipofungua, nilikuta waya mmoja umechubuka gamba hadi shaba inaonekana. Geuza usukani pande zote mbili hadi mwisho kabla hujafunga kibanio chochote. Vilevile uzoee kwamba usiku taa haziufuati usukani: unapokata kona ya polepole, zenyewe bado zinamulika mbele. Hata hivyo, kwenye upepo sijutii hata kidogo.

Mama Barabara
Kaka, kabla hujatoa fedha, inua gurudumu la mbele kwa jeki, shika shokapu kwa chini, kisha uzivute na kuzisukuma. Ukisikia mgongano, beringi za shingo, yaani zile ambazo usukani hugeukia, zimelegea, na usukani utayumba hata ukibadilisha kava mara tatu. Tazama pia upepo wa tairi na urefu wa kioo chako. Beringi zikiwa nzima na bado unataka pua ya papa, piga hesabu ya vifaa, rangi na fundi, halafu uilinganishe na tofauti ya bei ukibadilishana na Road Glide iliyotumika. Mimi ningebadilishana, maana pikipiki iliyogeuzwa huwatia wanunuzi wasiwasi. Ukiigeuza, basi iarifu kampuni yako ya bima.

Mleta uzi
Dada, nimeiinua leo jioni, na mgongano upo. Nimeusikia hadi viganjani. Nimemwomba muuzaji aniwekee kava kwa wiki mbili, nibadilishe beringi kwanza, kisha niende Albuquerque siku yenye upepo. Fundi, nikizifungua hizo beringi, je, nibadilishe ya juu na ya chini kwa pamoja, hata kama moja inaonekana nzima?

Fundi Mstaafu
Zote mbili, pamoja na vikombe vyake, yaani zile pete za chuma ambamo beringi hukaa.