Tairi za lami kwa baiskeli ya tairi nene, 26 x 4.0, nichukue zipi?

goba_juu
Habarini wakuu, poleni na majukumu. Nina baiskeli ya tairi nene, 26 x 4.0, zile zenye kashata kubwa kama za trekta. Niliichukua mtumba kwa sababu huku kwetu Goba ukiacha tu barabara kubwa unaingia kwenye mchanga na vikorongo, na kwa kazi hiyo sina la kulalamika. Sasa kazi imehamia Mikocheni na daladala ya asubuhi mi siiwezi tena, kwa hiyo natoka nyumbani nashuka Makongo naibukia Mwenge, karibu njia yote ni lami, vumbi ni kile kipande cha mtaani kwetu tu.

Shida ndo inaanzia hapo. Kwenye lami inavuma kelele mpaka watu wanageuka, kuisukuma ni kazi nzito, kona ikiwa kali naona kama tairi inajikunja chini yangu, na usukani unavuta upande kila barabara ikiwa na mteremko wa pembeni. Kashata za katikati tairi ya nyuma zimeshalika, kwa hiyo kununua nitanunua tu. Nimezunguka Kariakoo, duka moja wakaniambia tairi ya lami ya saizi hii haijatengenezwa duniani niuze baiskeli, fundi mwingine akasema nivalishe 2.5 kipara (isiyo na kashata) palepale kwenye ringi zangu na maisha yaendelee. Kuuza sitaki, baiskeli naipenda na jumapili naenda nayo ufukweni. Mi ni kilo 85 na begi la kazini mgongoni. Naombeni ushauri wa mtu anayezijua hizi kitu.

segerea_mwisho
Mkuu upepo unajaza kiasi gani? Hujataja na hapo ndo penye jibu nusu. Usukani kuvuta kwenye lami kwa tairi nene karibu mara zote ni upepo mdogo.

fundi_wa_kijiweni
Kaka goba_juu, mimi natengeneza baiskeli, nakujibu kifundi. Usinunue tairi kwa kusikia inchi 26 peke yake. Angalia ubavuni mwa tairi kuna namba zimeandikwa kwa udogo, mfano 100-559. Ile 100 ni upana kwa milimita, ile 559 ni kipenyo cha pale waya wa tairi unapokaa kwenye ringi, hiyo ndo ya kuishikilia. Zile baiskeli za Kijapani zenye kikapu zilizojaa mjini nazo zimeandikwa 26, ila ni 26 x 1 3/8 na kipenyo chake ni 590, haikai kwako. Na 28 x 1 1/2 za kina Phoenix ni 635. Nimeona watu wanarudi na tairi mpya mkononi dukani hawapokei tena, inauma, hela ya watu.

Cha pili toa tairi upime ringi, upana wa ndani, ukingo mpaka ukingo. Bila hiyo namba hapa tutakuwa tunabahatisha tu. Andika hapa tujue.

kwa_msuguri_rider
Mi naona mnamtisha bure, jamaa yangu ana hiyo hiyo tairi nene kavalisha 2.35 na anakata lami safi tu, tairi nyembamba nyepesi na zinapatikana kila duka. Avalishe 2.5 akapige kazi.

dada_lami
Kaka kwa_msuguri nakuheshimu ila hapo hapana, na nasema hivi kwa sababu hilo jambo linaweza kumlaza mtu barabarani. Ringi nyingi za tairi nene zina upana kati ya milimita 65 na 100. Tairi ya 2.5 ni milimita 63 hivi, maana yake tairi inakuwa nyembamba kuliko ringi yenyewe. Ikishakaa hivyo inabanwa kwa kuvutwa pande zote mbili, ile duara ya juu inapotea inakuwa bapa, ukilala kwenye kona unatoka ghafla kwenye mpira unaingia kwenye ukingo, na ukigonga shimo (na hiyo njia ya Makongo kuna mashimo ya kutosha) chuma ndo kinapokea, siyo mpira. Jamaa yako inawezekana ringi zake ni nyembamba, zipo baiskeli zinaitwa tairi nene na ringi zake ni za kawaida kabisa, kwake sawa. Ndo maana fundi anasema pima kwanza.

Halafu kuna kimo. Ukitoka 4.0 kwenda 2.5 kwenye ringi ileile, baiskeli nzima inashuka karibu sentimita nne. Pedeli zinasogea chini, ukikata kona huku unapiga pedeli inagusa lami. Na kama ni ya umeme kasi inayoonekana kwenye kioo inakuwa siyo ya kweli mpaka ubadilishe saizi kwenye mpangilio wake.

Sasa upepo, segerea kagusa pazuri naomba niongezee kwa sababu watu wengi hawaambiwi. Tairi pana haihitaji PSI (kipimo cha upepo) nyingi kama nyembamba. Mvutano kwenye ngozi ya tairi unatokana na upepo ukizidisha na unene wake, kwa hiyo tairi ya inchi 4 yenye PSI 20 ngozi yake imevutwa sawa na ya inchi 2 yenye PSI 40. Ndo maana ukiibonyeza kwa kidole inaonekana imejaa vizuri wakati bado iko chini, na ndo maana nyingi ubavuni zimeandikwa mwisho 20 mpaka 30, usivuke hapo ata kidogo. Kwa mchanga wa ufukweni watu wanashuka mpaka 5 au 6. Kwa lami na uzito wako mi ningeanzia 16 mbele na 20 nyuma, kama ubavu unaruhusu. Jaribu hivyo na tairi hizo hizo za zamani kabla hujatoa ata shilingi, zunguka nazo, uone kipi kimeondoka na kipi kimebaki. Kelele itabaki, hiyo ni kashata. Kona kujikunja kutapungua ila hakutaisha, kashata ndefu za mpira zinalala zenyewe ukizibebesha uzito wa pembeni. Usukani kuvuta nadhani kutaisha.

goba_juu
Dada asante sana, nimeazima geji ya mtu. Nyuma ilikuwa 9, mbele 8. Nimejaza kama ulivyosema (ubavuni imeandikwa mwisho 30) na usukani umetulia kabisa, yaani ni baiskeli nyingine, kile kimlima cha kutoka Makongo nimepanda bila kushuka gia ya mwisho. Kelele ipo na kona bado sizipendi. Ringi nimepima, ndani ni milimita 74, nje 80. Tairi imeandikwa 98-559.

fundi_wa_kijiweni
Safi. Basi kwa ringi ya 74 ndani, 2.5 futa kabisa kichwani. Ata 3.0 ambayo ni milimita 76 ni ya kubana mno. Wewe uko kwenye 3.5 mpaka 4.0, siyo chini ya hapo.

dada_lami
Kweli kabisa, na hapo ndo naomba tumkatalie yule wa dukani, tairi za lami za saizi hii zipo na zimekuwepo miaka. Vee wa Thailand wana Speedster 26 x 3.5, karibu kipara yenye mistari tu. Surly waliwahi kutoa Black Floyd 26 x 3.8 kipara kabisa, na hao Surly ndio waliotoa Pugsley mwaka 2005 iliyozieneza hizi baiskeli, kwa hiyo kama uliambiwa haiwezekani aliyekuambia hajui tu. Kuna watu watakutajia Maxxis Hookworm, ni tairi nzuri sana ya lami, lakini ni 26 x 2.5, kwa ringi yako siyo. Madukani hapa hizo majina sijui kama utazikuta mezani, ila usihangaike na jina, hangaika na umbo. Omba 26 x 4.0 ambayo katikati ina mstari mmoja unaoendelea bila kukatika, au vitofali vifupi vilivyokaa karibu karibu, na pembeni ina kashata ndogo. Matairi ya baiskeli za umeme za tairi nene mengi yameumbwa hivyo na hizo baiskeli zinaingia nchini, waulize wanaouza vipuri vyake.

Kwa wewe mwenye kipande cha vumbi na ufukwe wa jumapili, mi nakushauri hiyo ya mstari wa katikati kuliko kipara kamili. Lami inapata mstari, mchanga unapata upana, kwa sababu kwenye mchanga mkavu kinachokubeba ni upana na upepo mdogo, kashata zinachangia kidogo tu. Kwenye tope ndo utazikumbuka.

Na angalia TPI, ni idadi ya nyuzi za ngozi kwenye inchi moja. 60 ni ngumu na bei nafuu, 120 ni laini inaviringika vizuri na nyepesi, sema ubavu wake unachanika kirahisi. Kwa barabara zetu zenye vioo na misumari sitakulaumu ukichukua 60 yenye kinga ya pancha. Mi mwenyewe naendesha 60.

mzee_wa_masika
Samahani naingilia. Hizi vipara mvua ikinyesha si mtu atateleza? Tairi ya gari ikiwa kipara trafiki anakukamata, leo tunamshauri mwenzetu akanunue mpya ambayo tayari ni kipara. Masika ya Dar tunayajua, Mwenge pale maji yanasimama.

dada_lami
Shikamoo mzee. Swali ni la msingi. Gari linahitaji mifereji kwa sababu tairi yake ni bapa na inaenda kasi, maji yanakosa pa kukimbilia tairi inaelea. Kuna hesabu iliyotoka kwenye utafiti wa NASA wa matairi ya ndege, kasi ya kuelea inategemea kipeuo cha pili cha upepo, na ukiweka PSI 16 inakuja kama kilomita 66 kwa saa. Baiskeli tena tairi yake ni duara, inayapasua maji pembeni, kwa hiyo kwa kasi ya mtu wa kazini haelei. Kwenye lami iliyolowa mpira mwingi unaogusa chini ndo unaokushika, na kipara kinagusa zaidi ya kashata.

Yanayoangusha watu ni mengine mzee wangu. Ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi inapoinua mafuta barabarani. Mistari ya rangi ya vivuko. Vifuniko vya chuma vya mitaro. Na mchanga mkavu uliokusanyika pembeni ya lami, pale pale bodaboda na bajaji wanapokusukumia. Hapo ata kashata haikusaidii, unanyoosha usukani unaacha breki ya mbele unapita. Tope la udongo mwekundu, hapo ndo kipara kinashindwa kweli, na goba_juu kama mtaa wako unageuka tope masika basi ndo sababu nyingine ya kuchukua ile yenye kashata za pembeni.

mzee_wa_masika
Marahaba mwanangu, nimeelewa vizuri. Asante.

segerea_mwisho
Kuna wazo lingine sijaona limetajwa, kuwa na seti mbili za magurudumu. Moja ringi nyembamba na tairi za 2.0 kwa kazini, nyingine nene kwa jumapili, unabadilisha tu.

fundi_wa_kijiweni
Linawezekana ila gharama. Habu (kile kitovu cha gurudumu) za hizi baiskeli ni pana, nyuma mara nyingi milimita 170 au 190 za kufunga kwa kifyatuo na 177 au 197 za ekseli nene, mbele 135 au 150. Habu ya kawaida ya dukani haifiki kwenye fremu. Uagize habu, ununue ringi, spoku zipimwe upya, diski mbili za breki, gia za nyuma nyingine, na kile kimo kushuka alichosema dada kinarudi palepale. Kwa mtu wa Goba Mikocheni sioni haja, tairi mbili za maana zinamtosha.

Jambo la tyubu mkuu. Usivalishe tyubu ya 2.125 ukaivuta ijaze tairi ya 4.0. Inajaa ndio, ila inakuwa nyembamba kama puto, kijiwe kidogo tu pancha, na kiraka hakishiki vizuri kwenye mpira uliovutwa hivyo. Tafuta iliyoandikwa 26 x 3.5 mpaka 4.0 na kuendelea. Na kabla ya kuvalisha tairi mpya angalia ule utepe wa ndani ya ringi, hizi ringi pana nyingi zina matundu makubwa ya kupunguza uzito, utepe ukichakaa tyubu inachungulia kwenye tundu inapasuka na utamlaumu muuza tairi.

goba_juu
Nimewaelewa wote, mbarikiwe sana. Nachukua 4.0 ya mstari wa katikati, TPI 60. Swali la mwisho, kujaza upepo naweza kupita sheli? Pampu yangu ya mkono inachukua muda mno tairi pana hivi.

fundi_wa_kijiweni
Sheli usiende na hii. Ile mashine ni ya magari na malori, inasukuma kwa kasi, geji yake kwenye namba ndogo hizi inadanganya, sekunde chache tu umevuka 30 na waya wa tairi unaruka nje ya ringi, mlio wake utausikia mpaka kesho. Nunua pampu ya kusimama yenye bomba nene, na geji ya peke yake inayoishia PSI 30 au 60, kwa sababu zile zinazofika 160 mshale haukuoneshi tofauti ya 16 na 20. Pima asubuhi kabla baiskeli haijakaa juani, ikishapata jua la mchana upepo unapanda wenyewe PSI mbili hivi, na ukipunguza saa hiyo kesho asubuhi utakuta iko chini.

Ukishazipata tairi pita na picha ya ubavu tuone namba kabla hujavalisha, maana ikishachafuka hawapokei.