Mrejesho: warsha za mtandaoni kwa walimu wa Ukerewe

Wakuu, niliuliza walimu wa Nansio wafuateje warsha za mtandaoni za maandalizi ya cheti wakati bando linaisha kabla ya kipindi. Ushauri wa kuzima video umefanya kazi. Video inaweza kula karibu GB 1 kwa saa. Sauti peke yake ni makumi ya MB tu. Slaidi zipakuliwe mapema, kila mtu abaki kusikiliza.

Ila tahadhari kubwa ni hii: walimu wanane wakizunguka simu moja yenye spika, mfumo unarekodi mahudhurio ya mwenye akaunti tu. Saba wanakosa cheti ingawa walisikia kila neno. Wasikilize pamoja kwa simu moja, sawa, lakini kila mmoja aingie kwa akaunti yake hata kama amezima sauti na picha, na jaribio la mwisho alifanye mwenyewe.

Jina la akaunti lifanane herufi kwa herufi na vyeti vya taaluma. Ukijisajili "Mwl. Neema" ndivyo cheti kitakavyotoka, na kurekebisha baadaye ni usumbufu.

Video ya somo, yaani mwalimu kujirekodi akifundisha na kuipandisha kwenye mfumo, ndiyo iliyosumbua zaidi. Dakika 10 kwa ubora wa picha wa 1080p zinaweza kuzidi GB 1, na kuipandisha hukatikia njiani. Weka simu kwenye ubora wa chini wa 480p kabla ya kurekodi, isimame juu ya dawati karibu na mwalimu, maana darasa la bati mvua ikinyesha hakisikiki kitu.

Bado natafuta: kuna mfumo unaoendeleza upakiaji pale ulipokatikia?